Hita ya Mzee Kabureta

Mtaa mzima ulimwita Kabureta, naye alidhani wanamsifu. Jina lilitokana na mazoea yake. Umuulize habari za mvua, umuulize habari za msiba, umuulize njia ya kwenda sokoni, maneno yangezunguka yazungukavyo, mwisho yangetua kwenye kabureta ya gari. Alikuwa dereva wa ofisi ya barabara kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alistaafu pamoja na gari alilokuwa akiliendesha. Ofisi ililipiga mnada, watu waliohudhuria wakalitazama wakacheka, yeye akalinunua. Lilikuwa gari dogo la zamani, la mviringo, kijani kilichopauka, lenye taa mbili zilizotumbuka mbele kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa kelele. Mkewe hakuliita gari. Aliliita mke mwenzangu.

“Mke mwenzangu keshaoga leo?” angeuliza akiona ndoo na kitambaa uani.

“Keshaoga,” mzee angejibu bila haya.

“Na maji yangu mimi yako wapi?”

Mama Kibonge alikuwa mke wa mwana wao wa mwisho. Mumewe alichimba visima mji mwingine, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kabla viatu vyake havijakauka, kwa hiyo yeye na mtoto wao wa miezi tisa, huyo Kibonge, walikaa kwa wakwe. Alipewa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama uani. Pale dirishani ndipo alipoweka cherehani yake, na kwa hiyo hakuna spana iliyoanguka kwenye ua ule asiione. Hakuwa msemaji. Wengi walidhani hana la kusema.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila mgeni wa nyumba ile alionyeshwa kabla hajaletewa chai. Kilikaa juu ya kabati la sebuleni, katikati ya picha ya harusi na redio. Kilikuwa kipande cha shaba, ukubwa wake kama mdomo wa kikombe, kimebanwa kwa misumari juu ya ubao uliopakwa vanishi. Wengine hutundika pembe za mnyama waliyemwangusha. Kabureta alitundika themostati.

“Unaijua hii?” angemuuliza mgeni.

Wageni wazoefu walisema hawaijui, maana aliyesema anaijua alieleweshwa mara mbili.

Themostati, mzee angeeleza, ni kilango. Kinakaa njiani, pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta kupoa. Maji yakiwa baridi kilango kinafunga, yakipata moto kinafungua. “Sasa nikuulize wewe mwenye akili zako,” angesema akiyainamia magoti ya mgeni, “maji yanataka kwenda kupoa, unayawekea mlango wa nini? Ndiyo maana magari ya watu yanachemsha!” Kisha ingefuata hadithi ya siku gari la ofisi lilipochemsha mlimani, mkubwa wa ofisi akiwa ndani na suti yake, hata ikabidi mkubwa aende mkutanoni juu ya lori la mchanga. Pale pale barabarani Kabureta akafungua boneti, akaing’oa themostati, akaitia mfukoni, na tangu siku ile, miaka ishirini na sita, gari halijachemsha hata mara moja. Kwamba siku ile ile alibadilisha pia mkanda wa feni uliokuwa umekatika, hilo alilitaja mara moja tu, kwa kuteleza ulimi, na Mama Kibonge alilisikia.

Basi akawa mhubiri. Mwenye gari yeyote wa mtaa ule aliyesimama karibu na Kabureta kwa muda wa kumaliza sigara aliondoka na themostati yake mkononi. Alimtolea dereva wa teksi, akamtolea mwenye bucha, akamtolea hata padri. Gari halichemki? Halichemki. Basi.

Lakini mji wenyewe ulikuwa juu milimani, mahali ambapo kwa miezi minne ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Madereva wenzake walivaa glavu. Gari la Kabureta lilikuwa na hita, kisanduku cha bati chini ya dashibodi, lakini kwa miaka yote hiyo kisanduku kile hakikupuliza kitu isipokuwa vumbi na, siku moja, mende. Mzee hakujali. Yeye alikuwa na koti la ofisi. Aliyeumia ni mkewe.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa viungo. Kila miezi mitatu alipanda hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwenye barabara ya mlima, akatazamwe magoti. Safari ya mwisho alifika miguu imekufa ganzi, hawezi kuikunjua, wahudumu wakamshusha kwa kiti cha magurudumu. Daktari akamwuliza anaumwa wapi, akajibu, “Gari.” Aliporudi nyumbani alikula kiapo mbele ya sufuria zake kwamba hatakanyaga tena mle ndani labda wambebe amekufa, na hata hivyo wamfunge blanketi mbili.

Kwa hiyo Jumamosi ile, zikiwa zimebaki siku tano aende tena, jirani alimkuta pabaya, au pazuri. Jirani huyu alikuwa amestaafu posta na watu walimwita Bwana Posta. Alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa, anayezungumza kama mtu anayebandika stempu: analamba midomo kwanza, kisha anakandamiza. Watoto wake walikuwa wamemnunulia gari jipya. Mama mkwe wa Mama Kibonge alikuwa anaanika nguo, Bwana Posta akasogea ukutani.

“Shemeji, nasikia Alhamisi unapanda hospitali.”

“Mungu akipenda.”

“Na mimi napanda huko, kuna mtu namfuata. Nafasi ipo. Na siti za gari langu, shemeji, zinapata moto zenyewe. Unabonyeza tu.”

“Siti za kukalia?”

“Hizo hizo za kukalia.”

Chini ya gari la kijani kukasikika ngo! Ilikuwa paji la uso la Kabureta.

“Mke wangu hapandi gari la mtu,” ikasema sauti kutoka kule chini.

“Mkeo alipanda lako akashushwa kama gunia,” mama mkwe akajibu bila kugeuka, kibanio cha nguo mdomoni.

Mzee akajivuta akatoka, grisi imemchora usoni. Akamtazama mkewe, akamtazama jirani, akajipiga kifua.

“Mpaka Alhamisi hita ya gari hii itakuwa inakuunguza. Isipokuunguza, nenda naye. Na mlango wa gari lake nitakufungulia mimi, kwa mkono wangu.”

“Jirani, umesikia? Wewe ni shahidi.”

“Nimesikia, shemeji,” akasema Bwana Posta, akalamba midomo.

Mtu wa nje angeona mchezo. Mama Kibonge, mguu kwenye pedali ya cherehani, hakuona mchezo. Siku ile ya kiti cha magurudumu alimwona mzee akirudi, akakaa ndani ya gari uani mchana mzima, haliwashi, halifuti, haongei na mtu. Miaka thelathini na moja alikuwa amebeba wake za wakubwa wa ofisi, akiwafungulia mlango, akiwauliza kama wamekaa vizuri. Leo mke wake mwenyewe abebwe na mtu wa stempu, tena kwenye siti inayopashwa? Mzee angebaki na nini cha kujiitia dereva?

Kazi ilianza Jumapili. Alilala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu imetokeza mlangoni, soksi moja ina tundu, na kwa siku mbili familia iliongea na ile miguu. Alifungua mipira miwili iliyoleta maji ya injini kwenye hita. Alifungua skrubu zilizokuwa zimeshikana na kutu, kila moja akiitukana kwa heshima, maana mkwewe alikuwa karibu. Kisanduku kilipotoka, akakiweka juu ya gazeti na kuita watu waje waone.

Ndani kulikuwa na kiota cha panya. Kilikuwa kiota cha kifahari, cha pamba ya siti na karatasi zilizochanwachanwa kwa ustadi. Mama mkwe akaokota kipande, akakisogeza mbali na macho ili akisome.

“Si kile kitabu cha gari? Kile ulichosema nimewashia jiko?”

Mzee akawa anahesabu skrubu.

“Miaka tisa,” mama mkwe akamwambia mkwewe. “Miaka tisa naitwa mchoma vitabu ndani ya nyumba hii.”

“Panya nao,” mzee akasema, “wana tabia mbaya sana.”

Hata hivyo mikono yake ilikuwa mikono ya mtu anayeijua kazi, na hilo Mama Kibonge hakumnyima. Injini ndogo ya feni ilikuwa imekwama kabisa. Aliifungua, akaisugua kwa msasa laini, akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha akaja dirishani kuomba tone moja la mafuta ya cherehani. Aliondoka na chupa nzima. Kisanduku alikikwangua kutu mpaka bati likang’aa, akakipaka rangi nyeusi mara tatu, tabaka juu ya tabaka, kikang’aa kuliko gari lenyewe. Vile vilango vya kuelekezea upepo vilihitaji sponji mpya pembeni ili visivujishe hewa. Hakusema sponji atapata wapi. Jumatatu mchana Mama Kibonge alipotandika kitanda cha mtoto aliona kona ya godoro imekatwa, imekatwa vizuri sana, kwa wembe. Akaigeuza kona ile upande wa miguuni, akatandika shuka. Kibonge mwenyewe hakulalamika.

Kilichobaki kilikuwa rejeta ndogo ya hita, ile maji ya moto yanamopita ili feni ipulize joto lake. Jumanne mzee aliifunga kwenye taulo na kuipeleka kwa fundi rejeta, kwenye kibanda cha mabati mwisho wa mtaa. Mama Kibonge alikuwa akienda huko huko kununua uzi, akafuatana naye, mtoto mgongoni.

Fundi rejeta alikuwa mwanamume mnene wa makamo, mpole, mwenye nyusi zilizoungua moja kwa moja kwa sababu ya kulehemu. Akaisukutua ile rejeta kwa maji, yakatoka mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akaizamisha kwenye pipa, akapuliza kwa pampu, mapovu yakapanda sehemu mbili. Akazipangusa, akazitia risasi ya kulehemu, akazamisha tena. Kimya. Hakuna povu.

“Hii sasa ni nzima, mzee,” akasema. “Themostati ya gari ipo?”

Kabureta alicheka mpaka akashika meza.

“Themostati! Mwanangu, mimi themostati niliitoa wewe bado unatambaa. Utamuuliza nani habari za themostati? Mimi?”

“Nauliza tu, mzee wangu. Maana bila—”

“Bila ndiyo raha! Wewe ziba matundu, mambo ya injini tuachie wenyewe.”

Fundi akaifunga rejeta kwenye taulo kama anamkabidhi mtoto. Mama Kibonge alimwona akiitazama migongo yao walipokuwa wanaondoka, na alikuwa anatikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mganga aliyekwishajua mgonjwa atarudi.

Jumatano saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake. Mipira mipya, vibanio vipya, kisanduku cheusi kinang’aa. Mama mkwe aliletewa kiti uani, akakaa na shuka magotini. Bwana Posta, kwa bahati tu, alikuwa anamwagilia maua yake ya ukutani kwa mara ya tatu asubuhi ile. Mzee akawasha injini, akaiacha ingurume kwa robo saa, kisha akainua kidole juu kama mtu wa jukwaani na kubonyeza swichi ya hita.

Feni ikavuma. Ilivuma kweli kweli, Kibonge akaruka mgongoni kwa mamaye. Upepo ukampiga mzee kifuani, ukampeperusha ndevu. Uso wake ulichanua. Kisha ukaanza kusinyaa taratibu, kama puto.

“Njoo uweke mkono,” akamwambia mkwewe kwa sauti ndogo.

Akaweka. Ulikuwa upepo wa baridi, safi, wenye harufu ya rangi.

“Vipi huko?” mama mkwe akauliza kutoka kitini.

“Inajiandaa,” mzee akasema.

“Jirani,” Bwana Posta akauliza kwa upole wote, “hiyo ni hita au friji?”

“Maua yako yatakufa kwa maji!” mzee akamfokea. Mama mkwe akasimama, akakunja shuka lake. Hakucheka. Ilikuwa heri angecheka.

“Basi baba, umejitahidi,” akasema. “Jirani, kesho saa kumi na mbili na nusu.”

Alipoingia ndani, mzee alibaki ameshika usukani. Mama Kibonge naye alibaki, anambembeleza mtoto kwa kumtikisa. Macho yake yalikuwa kwenye dashibodi. Pale palikuwa na saa tatu ndogo za kupimia, za vioo. Moja sindano yake ilitikisika, nyingine ilisimama katikati. Ya tatu ilikuwa imelala chini kabisa kama paka aliyeshiba.

“Baba, hii nayo ni ya nini?”

“Hiyo? Hiyo ni ya joto la maji ya injini.”

“Na huwa inapanda?”

“Inapanda!” Mzee alitoa mguno wa dharau, fahari ya zamani ikamrudia yenyewe. “Mwanangu, sindano hiyo haijainuka pale tangu nilipotoa themostati. Miaka ishirini na sita. Nikupeleke mlimani, nikupeleke wapi, maji ya injini hii ni ya baridi, ni baridi kama—”

Hakumaliza. Feni iliendelea kuvuma, ikimpuliza ndevu.

Mama Kibonge alimfuta mtoto pua, pua ambayo haikuwa na kitu.

Mzee akasema, bila kumtazama, “Mama yako yuko wapi?”

“Kajilaza.”

“Hebu nenda sebuleni. Kile kibao. Usipige kelele.”

Alikileta amekifunika kwa kanga, kama mtu aliyeiba. Mzee aling’oa misumari kwa bisibisi, kipande cha shaba kikamwangukia kiganjani, akakigeuza huku na huku kwa aibu ya mtu aliyekutana na ndugu aliyemfukuza nyumbani.

“Itakuwa imekufa,” akasema, na alisema kwa matumaini. Ikiwa imekufa, si kosa la mtu.

“Tunajuaje?”

“Unaitia kwenye maji ya moto. Ikifunguka, ni nzima.”

Waliingia jikoni. Sufuria iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya maziwa ya Kibonge, na mama yake akaitoa bila kuulizwa, akajaza maji, akafunga themostati kwa uzi ili isiguse chini. Wakainamia jiko wote wawili, na mtoto wa tatu. Maji yakaanza kutoa mvuke. Hakuna kitu. Yakaanza kutoa vipovu vidogo. Hakuna kitu. Mzee akashusha pumzi, karibu ya furaha. Ndipo, taratibu, bila haraka yoyote, kile kilango kikainuka. Kilifunguka kama jicho. Mama Kibonge akainua uzi, akaiacha ipoe, na ikafunga. Akairudisha, ikafunguka tena.

“Mnapika nini?” Mama mkwe alikuwa mlangoni.

Mama mkwe akasogea, akachungulia sufuria, akamtazama mumewe, akayatazama yale matundu manne kwenye kibao juu ya meza.

“Si ndiyo ile ya wageni?”

“Ndiyo,” mzee akasema.

“Inatakiwa ikae ndani ya gari?”

Mzee alijikuna shingo, akatazama dari kana kwamba jibu limebandikwa kule.

“Inatakiwa,” akasema.

“Siku zote?”

“Mama, maji yanakauka,” akasema Mama Kibonge, akazima jiko, na mama mkwe akaondoka amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Kuirudisha kulihitaji gasketi, karatasi ngumu ya kukaa kati ya chuma na chuma isivuje, na mtaani mwenye gasketi zile alikuwa mmoja tu, fundi rejeta. Mzee alimpa Mama Kibonge kipimo kwenye kipande cha boksi.

“Nenda wewe. Mwambie ni ya… mwambie ni ya mtu.”

Alikwenda, akarudi mikono mitupu.

“Amesema mwenye gari aje mwenyewe.”

“Amejuaje ni mimi?”

“Hakusema, baba. Alicheka kidogo.”

Basi Kabureta akapiga moyo konde, akavaa koti la ofisi, akavifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akashika njia. Mkwewe alimfuata kwa mbali. Aliona fundi akimpa kiti, akimwacha akae, akiendelea kulehemu kitu kingine mpaka akimalize.

“Nimekuja kuchukua gasketi,” mzee akasema.

“Ya nini, mzee wangu?”

“Unajua ya nini.”

“Najua. Lakini nimezoea mteja anitajie.”

“Ya themostati,” mzee akasema kwa ndani.

“Samahani, masikio yangu haya, moto umeyaharibu.”

“Ya themostati!”

Dereva wa teksi aliyekuwa anangojea rejeta yake akageuza shingo. Alikuwa mmoja wa waongofu.

“Mzee, si uliniambia—”

“Nilikuambia nini? Wewe husikii vizuri!” Kisha akajishusha tena kitini. Alitazama viatu vyake. “Nilikuambia,” akasema. “Nilikosea. Nenda nawe ukatafute yako.”

Fundi alizima moto wake. Alikata gasketi mbili, moja akaiongeza ya akiba, akaziweka kwenye kiganja cha mzee na kukifunga kiganja kile kwa mikono yake yote miwili. Hakutia neno. Alikuwa na magari kumi na moja ya mtaa ule yaliyong’olewa themostati, yanayokuja kwake kila baridi, yanakunywa mafuta kama ngamia na injini zinakohoa, na siku ile angeweza kusema mengi.

Alfajiri ya Alhamisi, kabla jua halijatoka, Mama Kibonge alikuwa anamvalisha mtoto soksi aliposikia gari likiwashwa. Likanguruma muda, likazimwa. Likawashwa, likazimwa. Mara ya tatu akatoka kutazama. Mzee alikuwa ndani, macho kwenye ile saa ya joto, mkono kwenye ufunguo, na kila sindano ilipoanza kujinyanyua kidogo tu, kidole chake kilizima chenyewe. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye ile baridi.

“Inapanda, mwanangu,” akasema. “Unaiona? Inapanda.”

“Si ndiyo kazi yake, baba?”

Getini gari la Bwana Posta lilikuwa limekwishafika. Halikutoa sauti. Ungejua linawaka kwa moshi wake mweupe tu. Mama mkwe akatoka amevaa sweta tatu, mkoba begani, akasimama katikati ya magari mawili kama mtu aliyeitwa na mabwana harusi wawili. Kisha, badala ya kwenda getini, akafungua mlango wa gari la kijani, akakaa mbele, akaacha mguu mmoja nje.

“Robo saa,” akasema. “Mguu wa ndani ukipata moto, nauingiza na wa nje. Usipopata, nauondoa wa ndani. Mama Kibonge, ingia nyuma, nani atanishika kule hospitali?”

Mzee akawasha. Dakika tano zikapita. Sindano ikatikisika. Ikajinyanyua. Ikapita mahali ambapo haikuwahi kupita kwa miaka ishirini na sita, na mkono wa mzee ukaanza kusogea kwenye ufunguo peke yake, kama mkono wa mtu mwingine.

“Ukizima, nashuka,” mkewe akasema. Alikuwa anatazama mbele.

“Itachemsha!”

“Ichemke.”

“Huijui hii gari wewe. Ile siku na mkubwa—”

“Ile siku ulikatika mkanda,” akasema Mama Kibonge kutoka nyuma.

Mzee akainua macho akamtazama mkwewe kwa kioo, na mkwewe akamtazama mtoto. Mkono ukarudi kwenye usukani, ukaukamata kwa nguvu. Sindano ikapanda, ikapanda, ikafika katikati. Ikasimama hapo. Ilisimama kabisa, kama mtu aliyefika kwake.

Akabonyeza swichi.

Mama mkwe alitazama chini, kwenye miguu yake. Alivua kiatu kimoja. Akakunja vidole, akavikunjua. Kisha akauinua ule mguu wa nje kwa mikono miwili, maana goti lilikuwa gumu, akauingiza ndani na kufunga mlango. Alishusha kioo, akamwita Bwana Posta.

“Jirani, Mungu akubariki. Tangulia tu.”

“Uhakika, shemeji? Siti nimeshaziwasha.”

“Zikalie wewe.”

Barabarani mzee alinyamaza kwa kilomita nzima, jambo lisilo la kawaida, akingojea neno. Neno halikuja. Mkewe alivua sweta ya kwanza. Kwenye kona ya machimbo ya mawe alivua ya pili. Mlimani, gari likiguna kwa gia ya pili, alianza kujipepea kwa kadi ya hospitali.

“Punguza.”

“Nini?”

“Punguza, naungua.”

“Haipunguzwi kutoka ndani, hata nikizima feni. Bomba lake liko kwenye injini, mpaka nisimame nifungue boneti.”

“Basi simama.”

“Nikisimama hapa haitaondoka tena, mlima wote huu! Ukasukume wewe na magoti hayo?”

Mama mkwe akashusha kioo mpaka chini. Ukungu ukaingia mzima mzima.

“Unaingiza baridi!” mzee akapiga kelele. “Siku nne nimelala chini ya dashibodi, unaingiza baridi!”

“Hii nimeiingiza mwenyewe. Si ile ya kuingiziwa.”

“Funga!”

“Sifungi.”

Nyuma, Mama Kibonge alimvuta mtoto kifuani akamfunika masikio, moja kwa ajili ya baridi na la pili kwa ajili ya babu na bibi yake. Mbele yake aliiona miguu ya mama mkwe, bila viatu wala soksi, imenyooshwa mbele ya kile kisanduku cheusi, vidole vinacheza. Walibishana hivyo mpaka getini mwa hospitali, ambako mhudumu alikuja mbio na kiti cha magurudumu, mama mkwe akashuka kwa miguu yake na kumwuliza kiti hicho amemletea nani.